Teknolojia za kumsaidia dereva kwenye magari ya kisasa: zipi zinatufaa sisi wa Tabora na Kigoma?

Msafiri wa Unyanyembe

Wanajukwaa, habari za leo.

Nimefungua uzi huu kwa sababu hapa Tabora kila anayejiandaa kuagiza gari kutoka Japani huja na swali lile lile: je, aongeze fedha achukue gari lenye mifumo ya kumsaidia dereva, yaani lile linalojifunga breki lenyewe, linalopiga kelele likivuka mstari na linaloweza kulifuata gari la mbele bila dereva kukanyaga mafuta, au achukue la kawaida na fedha inayobaki akanunulie matairi mapya? Naweka msimamo wangu wazi tangu mwanzo ili atakayenipinga ajue anapinga nini. Mifumo hii ni ya aina mbili. Iko inayolisoma gari lenyewe: magurudumu yanazungukaje, usukani umekatwa kiasi gani, gari linaelekea kuteleza upande upi. Na iko inayosoma mazingira ya nje kwa kamera na rada, ikitarajia kukuta huko mistari iliyochorwa, vibao vinavyosomeka na magari yanayowaka taa. Aina ya kwanza inafanya kazi Sikonge sawasawa na inavyofanya kazi Tokyo. Aina ya pili ilifundishwa kwenye barabara za watu wengine, na anayeilipia huku kwetu anapaswa kujua analipia nini.

Nianze na ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa. ABS, yaani mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande unapokanyaga breki, iliingia kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978, ikiwa imetengenezwa na Bosch, na mpaka leo wapo madereva wazoefu wanaodhani kuwa pedali ikitetemeka mguuni breki zimeharibika. Kila gurudumu lina sensa inayosoma mzunguko wake. Kompyuta ikiona gurudumu moja linataka kuganda ilhali gari bado linakwenda, inaachia na kubana breki ya gurudumu hilo mara nyingi ndani ya sekunde moja, ili tairi liendelee kuzunguka na gari liendelee kuutii usukani. Ni kweli kwamba kwenye changarawe legevu gari lenye ABS linaweza kuhitaji umbali mrefu zaidi ili lisimame, kwa sababu tairi lililoganda hujikusanyia kifusi mbele yake na kifusi hicho husaidia kulizuia. Hata hivyo, gari ambalo matairi yake ya mbele yameganda huenda moja kwa moja hata ukizungusha usukani mpaka mwisho, nasi kwenye njia zetu mara nyingi tunahitaji kumkwepa mtu au mnyama kabla ya kufikiria kusimama.

Mfumo wa kulituliza gari linapoteleza ulifuata mwaka 1995, nao ukaanzia kwa hao hao. Chukua barabara ya vumbi iliyopitishwa greda siku chache zilizopita, changarawe imerundikana pembeni, nawe unakwepa shimo kwa ghafla. Gurudumu la kushoto linaingia kwenye changarawe, mkia wa gari unaanza kwenda upande, na kwa woga unakata usukani kupita kiasi kuelekea upande wa pili. Hapo ndipo magari mengi yanapopinduka. Mfumo huu unalinganisha mahali usukani unakoelekeza na mahali gari linakokwenda kweli. Ukiona havipatani unafunga breki ya gurudumu moja tu, lile linalohitajika, na kupunguza nguvu ya injini kabla dereva hajamaliza kushtuka. Hauhitaji mstari wala kibao. Kama ningelazimishwa kuchagua kitu kimoja tu kwenye orodha nzima ya teknolojia, baada ya mkanda wa kiti, ningechagua huu.

Sasa aina ya pili. Subaru ilianza kuuza mfumo wake wa EyeSight nchini Japani mwaka 2008, ukitumia kamera mbili zilizokaa juu ya kioo cha mbele, moja kila upande wa kioo cha kutazamia nyuma, ili zipime umbali kwa namna macho mawili yanavyopima. Toyota ilileta kifurushi chake cha Safety Sense mwaka 2015, na humo kamera inasaidiwa na leza au rada kutegemea aina ya gari. Japani yenyewe imelazimisha breki za dharura za kujifunga zenyewe kwenye aina mpya za magari madogo kuanzia Novemba 2021. Maana yake ni kwamba magari yatakayoshuka bandari ya Dar es Salaam miaka ijayo yatakuwa nayo tu, utake usitake, na suala la kuongeza fedha au kutoongeza litakufa lenyewe.

Shida ni huku yanakofikia. Mfumo wa kutunza mstari kwa kawaida huanza kufanya kazi gari likipita kilomita 50 au 60 kwa saa, na unahitaji kuona mstari. Kwenye lami ya Tabora kwenda Nzega unaweza kuuona ukifanya kazi kwa muda, kisha mchanga unafunika mstari wa pembeni, mfumo unanyamaza, kisha unaamka tena. Ukielekea Urambo jioni unalifuata jua uso kwa uso, nalo likiinama linaipofusha kamera kama linavyokupofusha wewe. Gari linajua kuwa limepofuka. Linazima mfumo kwa muda na kuwasha taa kwenye dashibodi. Huo ni uaminifu mzuri kwa upande wa gari, ila maelezo yaliyoandikwa kwenye dashibodi hiyo mara nyingi ni ya Kijapani, na dereva anaendelea kujiaminisha kuwa analindwa.

Kisha kuna ng'ombe. Mifumo mingi ya miaka ya nyuma ilifundishwa kutambua gari, mtu na baiskeli. Volvo ya Sweden ilitengeneza mfumo wa kutambua wanyama wakubwa wa misitu ya kwao. Ulipopelekwa Australia ikabainika, na habari zake zikatoka mwaka 2017, kwamba kangaruu anauchanganya, kwa sababu unapima umbali wa mnyama kwa kutazama ardhi aliyosimama, na kangaruu akiwa hewani huonekana yuko mbali, akitua huonekana yuko karibu. Nikisoma habari ile niliwaza baiskeli zetu za mkaa. Magunia yamepangwa mpaka mwendeshaji haonekani, chini yanachomoza magurudumu mawili, hakuna taa wala kiakisi mwanga. Nani aliifundisha kamera kuwa kile ni kitu chenye mtu ndani yake?

Sisemi kwamba aina ya pili haina faida. Kwenye kipande cha Nyahua, Chaya hadi Itigi, ambako lami imenyooka na pori limetulia, kuruhusu gari litunze mwendo lenyewe kunaupumzisha mguu, na ukiliwekea kilomita 50 unapoingia kijijini unaokoa shilingi 30,000 za trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo aliyejificha chini ya mwembe. Nakaribisha uzoefu wa wengine, hasa wa upande wa Kigoma na wa mafundi.

Dereva wa Masafa

Mkuu, nimekusoma kwa makini, na kwa heshima nakupinga kwa sehemu. Mimi naendesha basi la abiria kati ya Kigoma na Dar es Salaam. Umepanga teknolojia kwa kuangalia zinasoma gari au zinasoma barabara, ila umeiacha ya tatu, inayomsoma dereva, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyobadilisha kazi yetu kuliko hizo mbili. Mabasi yetu yana VTS, kifaa kinachopeleka LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, taarifa za mwendo na mahali gari lilipo, na kila dereva ana kitufe chake cha utambulisho anachotakiwa kukigusisha kabla ya kuanza safari, ili ijulikane ni nani aliyeshika usukani saa ngapi. Ukivuka kikomo chako cha kilomita 80 kwa saa unaanza kusikia mlio, nao haunyamazi kwa kubembelezwa. Wakati kinaanza tulikilaani. Abiria nao walikilaani, hasa wale wanaotaka kufika mapema halafu ndio wa kwanza kupiga simu gari likikimbia.

Kero yangu iko kwingine. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, adui yetu mkubwa ni usingizi, na kifaa kinachopima mwendo hakijui kama dereva anasinzia. Yapo magari yenye mfumo wa kugundua uchovu kwa kusoma jinsi usukani unavyosahihishwa: dereva aliyechoka huuacha kidogo, kisha huurudisha kwa mshtuko. Kwenye lami safi hilo linaeleweka. Kwenye kipande chenye mashimo kila dereva anauacha na kuurudisha usukani, hata aliyeamka sasa hivi. Inayotufaa sisi ni ile yenye kamera inayomtazama dereva machoni, nayo haijafika kwenye mabasi ninayoyajua. Kwa hiyo bado tunategemea dereva wa pili, na dereva wa pili anategemea kama tajiri amekubali kumlipa.

Msafiri wa Unyanyembe

Ndugu Dereva wa Masafa, umenirekebisha vizuri na nakubali kuwa kundi lako la tatu linastahili mahali pake. Hata huko kwenye magari ya bei kubwa wamegundua hilo hilo: Desemba 2023 Tesla ililazimika kuitisha Marekani magari zaidi ya milioni 2 ili kurekebisha programu inayohakikisha dereva anaendelea kutazama barabara pale gari linapojiendesha kwa sehemu. Na Umoja wa Ulaya umeyataka magari yote mapya yawe na onyo la uchovu wa dereva tangu Julai 2024, pamoja na breki za dharura na mfumo wa kumkumbusha dereva kikomo cha mwendo. Kila wanapolipunguzia gari utegemezi kwa dereva, wanalazimika kuongeza kitu cha kumchunga dereva huyo huyo.

Mama Mwandiga

Jamani, mmeanza na mambo makubwa, mimi naomba tuzungumze na kero ndogo za kila siku, kwa kuwa ndizo zinazomchosha mtu kabla hata hajatoka Mwandiga kufika Mwanga sokoni. Gari langu kila ninapoliwasha linanisalimia kwa Kijapani. Kwa muda mrefu nilidhani linanitakia asubuhi njema, mpaka kijana mmoja aliponieleza kuwa linalalamika kwamba sijaingiza kadi ya kulipia barabara za huko kwao. Redio yake inaishia kwenye masafa ya 90, kwa sababu Japani FM yao ilianzia 76 na kuishia hapo, wakati stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo, kwa hiyo nimefungiwa kifaa kingine cha kushusha masafa na sasa namba ninayoiona kwenye redio si namba ya stesheni ninayoisikiliza. Ramani yake inaniambia niko baharini karibu na Nagoya.

Hayo navumilia. Kisichovumilika ni kuweka kila kitu kwenye kioo cha kugusa. Zamani nilikuwa naongeza upepo kwa kuzungusha kitufe bila kuangalia, mkono unajua wenyewe. Sasa kwenye gari alilonunua shemeji yangu, ambalo ni jipya kuliko langu, inabidi uangalie kioo, uguse picha, usubiri, uguse tena, na hapo unateremka mlima wa kuingia mjini, bodaboda wako kulia na kushoto. Hivi wataalamu wanaotuwekea mlio wa kutukumbusha kutazama mbele ndio hao hao waliotunyang'anya vitufe?

Cha kusifu pia nikisifu. Kamera ya nyuma ni neema. Nyumbani kuna watoto, kuna kuku, kuna ndoo zimeachwa njiani. Mtu anayerudisha gari kwenye uwanja wa namna hiyo bila kamera anacheza na roho za watu. Hiyo moja naitetea popote.

Msafiri wa Unyanyembe

Mama, kwenye hilo la vitufe hauko peke yako. Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayopima usalama wa magari, kuanzia Januari 2026 haitoi alama zote kwa gari ambalo indiketa, hazadi, waipa na honi zake zimefichwa ndani ya kioo cha kugusa. Na kamera ya nyuma Marekani imekuwa lazima kwenye magari mapya tangu Mei 2018, kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja, ya watoto uwanjani.

Kijana wa Isevya

Wakuu, mzee wangu ana Land Cruiser mkonga ya zamani, haina kompyuta ya kumshauri mtu, na tukipeleka pembejeo za tumbaku vijijini masika ndiyo inayotoka kuyavuta hayo magari yenu yenye macho mawili. Mimi nimemaliza.

Fundi Umeme Ng'ambo

Kijana wa Isevya, salimia mzee, ila usimalize haraka. Mkonga ukianguka unaua kama gari jingine lolote, na hata Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo Toyota ilianza kuziuza mwaka 1984, matoleo ya sasa yamewekewa mifuko ya hewa na ABS. Waliotengeneza gari hilo wenyewe wamekubali kubadilika.

Nirudi kwenye mada. Naungana na mleta uzi kuhusu makundi yake, lakini naona hajagusa mahali ambapo mifumo hii inakufa, nako ni mikononi mwetu mafundi na kwa wenye magari. Nitaeleza ninayoyaona gereji.

La kwanza ni kioo cha mbele. Lori linarusha jiwe, kioo kinapasuka, mwenye gari anatafuta kioo cha bei nafuu na anafungiwa siku hiyo hiyo. Kamera inang'olewa kwenye kioo cha zamani na kubandikwa kwenye kipya, wakati mwingine kwa gundi ya kawaida kwa kuwa kioo kipya hakina kishikizi chake. Baada ya hapo kamera inapaswa kupimwa upya kwa vibao maalumu na mashine inayowasiliana na kompyuta ya gari, jambo ambalo mafundi wengi wa huku hatuna vifaa vya kulifanya. Mtu anaweza kusema imepinda kidogo tu. Piga hesabu: kamera ikipinda kwa nyuzi moja, kitu kilichoko mita 100 mbele kinaonekana kimehama kwa mita 1.7 hivi, ambayo ni kama nusu ya upana wa njia moja ya barabara. Gari linalokuja upande wake linaweza kuonekana limo kwenye njia yako, na mkokoteni uliomo kwenye njia yako ukaonekana uko pembeni.

La pili ni kunyanyua gari. Huku kila anayenunua gari la chini anataka liongezewe spesa kwenye shokapu ili lisigonge matuta, nami siwalaumu, kwa kuwa matuta mengine yalijengwa kwa hasira. Lakini ukinyanyua mbele na nyuma kwa viwango tofauti, macho ya gari yanatazama juu au chini kuliko yalivyopangwa. Vivyo hivyo kwa wanaofunga bampa la chuma mbele ya nembo: kwenye magari mengi ya Toyota rada imekaa nyuma ya nembo hiyo, na chuma ni ukuta kwake. Hata ukiibadilisha nembo kwa ya bandia, yenye rangi nzito ya chuma, unaweza kuwa umeifumba.

Na la tatu, ambalo hunichekesha na kunisikitisha kwa pamoja, ni mapambo. Stika ya bima, stika ya usalama barabarani, ukanda mweusi juu ya kioo wenye jina la mtoto au la timu, vyote vinabandikwa pale pale katikati juu, mbele ya kamera. Nimeletewa gari lenye taa ya tahadhari iliyowaka kwa miezi, mwenyewe ameshanunuliwa sensa mbili zisizohitajika kutoka Dar es Salaam, na dawa ilikuwa kukata kipande cha stika ya Yanga kwa wembe. Simba wasicheke, yao nayo hubandikwa hapo hapo.

Lipo na ovu la mafundi wenzangu ambalo sitalificha. Taa ya ABS ikiwaka, badala ya kutafuta chanzo, ambacho mara nyingi ni uchafu uliolundikana kwenye sensa ya gurudumu au waya uliokatwa na jiwe, fundi anaizima taa kwenye dashibodi au anaiunganisha na taa nyingine ili ziwake na kuzimika pamoja. Mteja anaondoka anatabasamu. Gari hilo likiuzwa, mnunuzi hana habari kuwa anaendesha gari lisilo na ABS wala mfumo wa kuteleza, kwa kuwa vyote viwili vinakula sensa zile zile.

Mjomba wa Urambo

Ahsante fundi, umeniongezea elimu. Mimi nina hoja moja ambayo inanifanya niwe mgumu kuiamini hii mifumo. Mpwa wangu alikuwa anaendesha gari la aina hiyo, yuko nyuma ya lori la tumbaku kwenye kipande cha vumbi baada ya Kaliua, anataka kulipita. Akasogea, akachomoza kulia, gari likapiga kelele na kujifunga breki lenyewe katikati ya wingu la vumbi, na nyuma yake kulikuwa na pikapu iliyokuwa inasubiri nafasi kama yeye. Mwenye pikapu alikuwa macho, akaingia porini kidogo, hakuna aliyeumia. Naomba nielezwe: kama breki zile zimewekwa kuniokoa nisimgonge wa mbele, ni nani anayeniokoa nisigongwe na wa nyuma?

Fundi Umeme Ng'ambo

Mjomba, shikamoo. Kwanza nampa pole mpwa wako. Kinachotokea ni hiki: kwa gari, kulisogelea kwa kasi tako la lori kunaonekana ni ajali inayokuja, maana halijui nia yako ya kulipita. Mifumo mingi imepangwa ikubali amri ya dereva anayekanyaga mafuta kwa nguvu au kukata usukani kwa uthabiti, ikichukulia kuwa yuko macho na anajua anachofanya. Dereva anayesogea polepole, akiwa na wasiwasi, mguu nusu kwenye mafuta, ndiye anayefanana zaidi na mtu aliyesinzia. Ongeza na vumbi: kamera ikikatiwa picha kisha ikaletewa ghafla mgongo wa lori uliojaa kioo kizima, haina muda wa kuhoji. Ndiyo maana magari mengi yana kitufe cha kuzima breki hizo, nami huwashauri wateja wangu wanaokwenda njia za vumbi wazizime wakitoka kwenye lami na kuziwasha wakirudi. Kwenye magari mengi ukizima injini na kuwasha, mfumo unajirudisha wenyewe, kwa hiyo usiogope kuusahau, ila ukumbuke kuuzima tena.

Msafiri wa Unyanyembe

Marahaba kwa niaba ya mjomba. Nami niongeze kwamba kulipita lori usiloona mbele yake kwa sababu ya vumbi ni jambo ambalo gari lilikuwa na haki ya kulitilia shaka. Hata hivyo, swali la mjomba ni la msingi na sitalipuuza. Gari linalofunga breki ghafla linategemea kwamba aliye nyuma ameacha nafasi, na Japani wengi huiacha. Huku nafasi ukiiacha inajazwa na bodaboda kabla hujapumua.

Mwana Ujiji

Wakubwa zangu, nimejifunza mengi. Mimi niko hatua ya kuchagua gari kwenye tovuti za Japani, nataka gari la familia la kwenda Kasulu na kurudi, na mara moja moja Uvinza hadi Tabora kusalimia wazee. Wauzaji wanaweka picha nyingi ila hawasemi yale mliyoyasema. Nitajuaje kuwa hiyo mifumo ni mizima kabla sijatuma fedha?

Fundi Umeme Ng'ambo

Mdogo wangu, omba karatasi ya mnada ya gari hilo na utafute mtu wa kukusomea, kwa sababu mle wanaandika kama kioo cha mbele kimebadilishwa au kina ufa, na kama sehemu ya mbele imewahi kugongwa. Omba picha ya karibu ya sehemu ya juu ya kioo, kwenye kioo cha kutazamia nyuma, ikipigwa kutoka nje, uone kamera na kama ukingo wake ni msafi. Halafu omba video fupi ya dashibodi, swichi ikiwa imewashwa na injini bado haijawashwa, kisha injini ikiwashwa. Taa za ABS, mfuko wa hewa na mfumo wa kuteleza zinapaswa kuwaka zote kwanza, ndipo zizime zenyewe. Inayobaki inawaka ni tatizo unaloliona. Ambayo haikuwaka kabisa ndiyo ya kuogopa zaidi.

Mtihani huo huo ufanye ukinunua gari la mkononi hapa hapa Kigoma, na usikubali muuzaji akuwashie yeye. Shika ufunguo mwenyewe, vuta kivuli kwenye dashibodi kwa mkono, na utazame.

Mwana Ujiji

Nashukuru sana. Na kuhusu kulinyanyua likishafika, niache kabisa?

Fundi Umeme Ng'ambo

Kama ni la kamera, chagua tangu mwanzo gari lililo juu kiwandani, usilinyanyue wewe. Kwa safari ya Kasulu na Uvinza fedha ya spesa itie kwenye matairi mazuri, na mwambie fundi wako kila anapofungua magurudumu asafishe sensa za ABS kwa brashi laini. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na wengi wetu hatuifanyi mpaka tuombwe.